Heringi wa Mkesha

Mara ya kwanza kumshika samaki aitwaye heringi nilidhani ameoza. Alikuwa ametoka kwenye pipa la maji ya chumvi, amelegea, rangi yake ya fedha imefifia na jicho limezama kichwani. Muuzaji alimfunga kwenye karatasi pamoja na wenzake, akaniuliza kama ni wa yule bibi anayekaa nyuma ya kanisa lililofungwa. Nikamjibu ndiyo, ni wa kwake.

"Mwambie mwaka huu ni wanene," akasema.

Nikatoka sokoni nimeukumbatia mfuko, maji ya chumvi yakinichuruzikia kwenye koti.

Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa kazi yangu. Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Tanzania, upande wa Kigoma. Tulipoletwa Marekani tulifikia Louisville, kwenye mitaa ya Iroquois, na huko ndiko nilikomwacha mama yangu na kaka yangu baada ya mume wangu kupata kazi ya kiwandani Buffalo. Tulipanga nyumba karibu na Grant Street, mimi, yeye na watoto wetu wawili. Pale hukosi unga wa muhogo wala mawese, na ukipiga chafya kuna atakayekuombea kwa Kiswahili. Lakini kazi yangu ilikuwa upande wa pili wa mji, mashariki, kwenye nyumba za mbao za zamani ambazo nusu yake hazina watu. Ofisi ya kutunza wazee ndiyo iliyonipeleka huko.

Alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu. Wazazi wake walitoka Poland, yeye alizaliwa Buffalo, na hakuwahi kuishi nje ya mtaa ule. Mumewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha chuma mpaka chuma kikaisha, naye akafuata. Mapafu ya bibi yalikuwa yamechoka. Alivaa mrija puani, na mrija huo ulitoka kwenye mashine ya oksijeni iliyonguruma pembeni mwa sebule mchana kutwa. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, hata kufungua kifuniko cha chupa hawezi.

Hakuwa mtu wa kupendeza. Wiki za mwanzo alikuwa akifunga kabati la vyombo na kutembea na ufunguo kwenye mfuko wa sweta. Akizungumza na ofisi kwa simu, mimi nikiwa hapo hapo namkunjia nguo, aliniita "huyu wa asubuhi."

Siku moja akaniuliza, "Wewe Mkristo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mkatoliki?"

"Hapana. Mpentekoste."

Akashusha pumzi kama mtu aliyefika dukani akakuta pamefungwa.

Ilipofika Desemba akaanza kuhangaika. Alikuwa akiitazama mikono yake, anaikunja, anaikunjua, anaguna. Siku moja akaniita nikae mbele yake, akaniambia kwao mkesha wa Krismasi hawali nyama. Wanakula samaki, na meza isiyo na heringi si meza ya mkesha. Mama yake alimfundisha, naye amewatengeneza kila mwaka tangu aolewe, hata mwaka aliomzika mtoto wake wa kiume. Mwaka uliopita, kwa ajili ya vidole, alinunua wa chupa dukani. Alitamka neno "dukani" kama mtu mwingine angetamka "rumande."

"Mimi najua kupika samaki," nikamwambia.

"Sihitaji upishi wako," akajibu. "Nahitaji mikono yako tu."

Basi nikampa mikono. Aliniketisha mezani jikoni, yeye akiwa kwenye kiti cha magurudumu na mrija wake mrefu umevutwa toka sebuleni. Kwanza samaki wanalowekwa kwenye maji baridi ili chumvi itoke, na maji yanabadilishwa asubuhi na jioni. Nilipokuwa siko, aliwaamrisha wenzangu wa zamu nyingine. Kila siku alikuwa akiniagiza nikate kipande kidogo nyuma ya shingo ya samaki nionje.

"Kinakuuma ulimi?"

"Kinauma."

"Bado."

Nilimwambia kwamba kambini tulikuwa tukiloweka ndagala, wale dagaa wa ziwani wa kukaushwa, vivyo hivyo, mpaka mchanga na chumvi vishuke chini ya sufuria. Akaniuliza hao ndagala wanaliwa na vichwa. Nikamjibu ndiyo, na vichwa, na macho. Akatikisa kichwa, akasema hayo ni mambo ya njaa. Na ilikuwa kweli.

Chumvi ilipotoka, tukawamwagia maziwa kwa usiku mmoja. Kesho yake akanifundisha kuchuna ngozi, kuanzia kichwani kwenda mkiani, unavuta pole pole kama unamvua mtoto soksi iliyolowa. Kisha kupasua, kisha kutoa miiba. Miiba ya heringi ni myembamba kama nywele za paka. Hakuniruhusu kutumia kisu. "Vidole," alisema, "vidole vinaona." Nilipitisha vidole juu ya nyama nikivuta mwiba mmoja mmoja, naye akiegemea mbele kunikagua, pumzi zake zikipiga filimbi.

Tulitengeneza aina tatu. Wa kwanza walilala kwenye mafuta na vitunguu vibichi vilivyokatwa vyembamba. Wa pili walichanganywa na krimu iliyochachuka, tufaha lililokatwa vipande na kitunguu. Wa tatu, ambao aliwapenda kuliko wote, walikuwa vipande vyembamba vilivyoviringishwa, ndani vina tango la achari, vimebanwa kwa kijiti na kuzamishwa kwenye siki iliyochemshwa na sukari, majani makavu ya kunukia, na punje nyeusi zenye harufu kama ya karafuu. Nilipomaliza kupanga chupa kwenye friji, mikono yangu ilinuka kiasi kwamba kwenye basi la kurudi nyumbani mwanamke mmoja alihama kiti. Mume wangu aliniambia nisiwashike watoto kwanza.

Mwaka ule wa kwanza bibi alikula mkesha na mfanyakazi wa zamu ya jioni tu. Mtoto wake wa pekee aliyebaki, binti, aliishi Ohio, Gahanna, karibu na uwanja wa ndege wa Columbus, na alikuwa hajaja kwa miaka. Walikuwa wamegombana. Binti alitaka mama yake auze nyumba ahamie kituo cha wazee huko Gahanna, mama akamwambia atatoka kwenye nyumba ile akiwa amebebwa. Tangu hapo walikuwa wakizungumza kwa simu siku za sikukuu, kila mmoja akisubiri mwenzake akate kwanza.

Desemba iliyofuata binti akapiga simu, akasema atakuja. Bibi hakuonyesha furaha. Aliweka mkono wa simu mahali pake, akaniambia, "Mwaka huu nunua wengi." Lakini tangu siku hiyo hakufunga tena kabati la vyombo, kwa sababu alitaka sahani zote zitolewe na kuoshwa. Tukaanza kuloweka mapema. Safari hii hakuhitaji kunisemesha sana. Nilionja mwenyewe nyuma ya shingo, nikamwambia bado, naye akakubali.

Watu wa hali ya hewa walianza kutahadharisha siku kadhaa kabla. Buffalo watu hawashtuki kwa theluji, na mimi nilikuwa nimejifunza kutoshtuka. Asubuhi, siku moja kabla ya mkesha, nilikwenda kazini kama kawaida. Basi lilifika, barabara zilikuwa na maji tu. Kufikia saa nne upepo kutoka ziwani uligeuka. Sijui niuelezeje. Nilikuwa nikipanga vitambaa vya meza, nikaona dirisha limekuwa jeupe, kama mtu amelitundikia shuka kwa nje. Nyumba ya jirani haikuonekana tena. Nilifungua mlango wa mbele kidogo, upepo ukaninyang'anya, ukaubamiza ukutani, na ilibidi niusukume kwa mgongo mpaka ukafunga.

Binti akapiga simu. Alikuwa ametoka Gahanna kwa gari, akarudishwa njiani, barabara kuu imefungwa. Bibi alimsikiliza, akasema, "Nilijua," akakata.

Mfanyakazi wa jioni hakuja. Ofisi ikaniambia nisimwache mgonjwa, nami hata ningetaka nisingeweza. Nikampigia mume wangu. Alikuwa nyumbani na watoto, umeme umekatika, baridi inaingia. Jirani yetu wa chini, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, alikuwa amewachukua wote kwake kwa sababu yeye ana jiko la gesi. Akamnyang'anya mume wangu simu.

"Dada, batoto beko kwangu, beko muzuri. Weye ubakie na ule muzee. Bon, usitoke inje, utakufa bure."

Nikamsikia mwanangu mkubwa nyuma yake akisema kwa Kiingereza kwamba anataka mama arudi. Simu yangu ikazima hapo.

Kwa bibi umeme ulikatika mchana huo huo. Kwanza taa, kisha mngurumo wa mashine ya kupasha nyumba joto, kisha, baada ya king'ora kirefu, mashine ya oksijeni. Nilikuwa nimeizoea sauti yake kiasi kwamba kimya kile kilinipiga kama kofi. Kulikuwa na mtungi mkubwa wa akiba nyuma ya mlango na midogo ya kutembelea kanisani. Nikaunganisha mkubwa. Mshale wa kipimo ulikuwa juu. Nikaishusha oksijeni chini kidogo ya kiasi alichoandikiwa, ili idumu, na bibi akaniona.

"Unanibania," akasema.

"Nakuwekea ya kesho."

Ukutani jikoni alikuwa na simu ya zamani ya waya, ile ambayo binti yake alikuwa akimcheka kwa kuilipia. Hiyo ilifanya kazi bila umeme. Nikaita gari la wagonjwa. Mwanamke aliyepokea alichukua anwani, akaniuliza kama mgonjwa anapumua, akaniambia magari yao yenyewe yamekwama na watu wamo ndani. Akaniambia nipige tena hali ikibadilika. Nikapigia wanaoleta mitungi. Simu iliita mpaka ikachoka. Nikapigia ofisi, wakaniambia nipigie gari la wagonjwa.

Mshumaa haukuwezekana, kwa sababu moto na oksijeni havikai chumba kimoja. Niliwasha jiko la gesi jikoni nimefunga mlango, nikachemsha maji, nikayatia kwenye chupa na kuzizungushia taulo, nikampanga nazo ubavuni na miguuni. Nilimvalisha makoti mawili na kofia ya marehemu mumewe. Tulikaa hivyo, upepo ukiitikisa nyumba.

Siku ya mkesha niliamini atalala tu. Badala yake, alasiri, akaniambia niandike meza.

"Bibi, okoa pumzi."

"Niokoe za kufanyia nini?"

Nikatandika kitambaa cheupe kwenye meza ya sebuleni. Nikaweka sahani yake, na ya binti yake ingawa hakuja, halafu akaniambia niweke nyingine ya ziada. Nikamwuliza ya nani. Akasema ni ya mgeni asiyetarajiwa, ndivyo ilivyo desturi, kila mwaka huwekwa hata kama hakuna anayebisha hodi. Nikaiweka, nikasimama kando na tochi.

"Mbona umesimama?"

"Nasubiri unielekeze."

"Weka na ya kwako," akasema. "Wewe unatarajiwa."

Nikatoa chupa kwenye friji, ambayo sasa ilikuwa na joto kuliko chumba. Nikapakua aina zote tatu kama alivyotaka, kila moja kwenye bakuli lake. Lakini akanizuia. Hawali mpaka nyota ya kwanza ionekane. Nikaenda dirishani. Kulikuwa na weupe uleule, sasa unageuka kijivu.

"Hakuna nyota leo, Bibi."

"Sema umeiona."

"Nimeiona."

"Muongo," akasema, akanyoosha mkono nimsogezee sahani.

Kabla ya kula alitoa kaki nyembamba nyeupe, kama ile ya ushirika, aliyokuwa ametumiwa kwa posta na kanisa lake jipya. Akaivunja kwa shida, akanipa nusu. Desturi ni kwamba kila mmoja anamtakia mwenzake jambo kwa mwaka ujao. Aliniambia, "Nakutakia uhame mji huu." Nami sikuwa nimejiandaa. Nikamwambia, "Nakutakia pumzi." Akacheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi, nikamshika mgongo mpaka kikapita.

Alikula kidogo sana. Alianza na wa siki, akatafuna akiwa amefumba macho, akaniambia siki imezidi. Wa krimu akasema ni wazuri. Mimi nilikula kwa adabu, koti mwilini na glavu mkono mmoja. Samaki walikuwa baridi hadi meno yakauma, na pale, kwa njaa na hofu niliyokuwa nayo, nilihisi utamu wao kwa mara ya kwanza. Utamu, na chumvi, na kile kiungo cheusi kinachobaki kooni. Nikaongeza bila kuambiwa. Yeye alinitazama nikila. Sidhani kama alikuwa ameniangalia kwa muda mrefu hivyo kabla.

Kulipopambazuka Krismasi, mtungi mkubwa ulikuwa umekwisha na tulikuwa kwenye mdogo wa mwisho. Midomo yake ilikuwa ya bluu, na kucha. Nilipiga tena, nikapewa mtu mwingine mwenye sauti changa. Alisema mama, tumekuandika, tunajua mpo. Nadhani alikuwa analia.

Kisha simu ikaita. Alikuwa binti.

Waya wa simu ile haukufika sebuleni, na bibi hakuwa mtu wa kusogezwa tena. Nikamweleza binti hali ilivyo, bila kuzungusha. Akasema, "Mwambie nampenda." Nikauacha mkono wa simu ukining'inia, nikaenda sebuleni, nikapiga magoti.

"Bibi, binti yako yuko kwenye simu. Anasema anakupenda."

Alifungua macho. "Muulize barabara zimefunguliwa?"

Nikarudi jikoni. "Anauliza kama barabara zimefunguliwa."

"Bado. Mwambie bado. Mwambie anisamehe kwa kila kitu."

Nikaenda. Bibi alinisikiliza, akapumua mara nyingi kabla ya kupata neno.

"Mwambie samaki wapo. Wa krimu wasikae sana."

Nikarudi nikasema hivyo hivyo. Binti akatoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au nini. Akaniambia nimwulize kama anaumwa. Nilipofika sebuleni kipimo cha mtungi kilikuwa kimelala chini kabisa, na bibi alikuwa anatazama dari, kifua kikipanda juu juu. Nikamshika mkono. Nilikaa naye mpaka kifua kilipoacha. Kisha nikakumbuka kwamba jikoni kuna mtu anasubiri.

Aliponisikia nimeshika simu akasema, "Usiniambie." Tukabaki hivyo, kila mmoja akimsikia mwenzake anavuta makamasi, hadi akakata.

Nikamlaza vizuri kwenye kochi. Sikuweza kumpeleka kitandani peke yangu. Nilifunga mlango wa sebule na kuziba chini kwa taulo, ili baridi ibaki kule na mimi nibaki na jiko. Hivyo ndivyo tulivyokaa, yeye upande wake na mimi wangu, mpaka upepo ulipotulia. Na ilichukua muda kutulia. Mkate ulikuwa umekwisha. Mayai nilikaanga yaliyokuwepo. Baada ya hapo kilichobaki ndani ya nyumba ile ni heringi, wale wengi alioniagiza kwa ajili ya binti yake.

Nikala samaki wa marehemu. Nilikula nimesimama, kutoka kwenye chupa, kwa uma. Nilianza na wa krimu kwa sababu alisema wasikae sana. Mara ya kwanza nilisali kabla ya kula, nikamwomba ruhusa yeye na Mungu. Baadaye sikusali, nilikula tu. Nilipokuwa natafuna nilimsikia ndani ya kichwa akiniambia siki imezidi, na nilimjibu kwa sauti, jikoni, kama mwendawazimu, kwamba ni yeye aliyepima.

Wazima moto walifika na mashine ya kusukuma theluji ikiwatangulia. Wawili waliingia, ndevu zao zina barafu. Mmoja alisimama mlangoni akanusa, akasema, "Bibi yangu alikuwa akitengeneza hawa." Kisha akaona uso wangu, akavua kofia. Walimbeba bibi kutoka nyumbani kwake kama alivyosema.

Nyumbani nilikuta watoto wazima. Mdogo alinikimbilia akaishia njiani, akaziba pua.

Ofisi ilinihoji. Kwa nini niliishusha oksijeni chini ya maagizo ya daktari, kwa nini sikuhakikisha mitungi ya kutosha kabla ya dhoruba. Nilijibu yote. Hawakunifukuza, waliacha tu kunipigia. Nilikaa nyumbani Januari nzima nikisikiliza friji ikinguruma, na kila ilipozima yenyewe, kama friji zote zinavyofanya, nilisimama.

Mwezi wa pili kaka yangu akanijulisha kwamba mama amelazwa Louisville, sukari imepanda, na huenda wakamkata kidole cha mguu. Nilikata tiketi ya basi. Kabla sijaondoka binti wa bibi akanitafuta. Alitaka kuniona. Nilimwambia basi langu linapita Columbus, na yeye akasema atanipokea kituoni.

Nilimtambua kwa paji la uso. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwalimu aliyestaafu, amevaa koti la bei na viatu vya nyumbani, kama aliyesahau kubadilisha. Aliendesha hadi Gahanna. Nyumba yake ilikuwa na joto la kupita kiasi. Ndege zilipita karibu na paa. Alinipa chai, akakaa mbele yangu.

"Nilikuwa nawachukia wale samaki," akasema. "Shuleni watoto walikuwa wananinusa. Nilipoolewa nilisema nyumbani kwangu hawataingia."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Majira yote haya ya baridi nimekuwa na hasira na wewe," akaendelea. "Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu ya mtungi."

"Si mtungi. Mtungi nauelewa." Aliweka kikombe chini. "Nilikutuma ukamwambie nampenda. Ukarudi na barabara. Nikakutuma tena, ukarudi na samaki. Ungeweza kuniambia chochote. Ungeniambia amesema ananipenda, ningeamini. Ingekugharimu nini?"

Nilimwambia kwamba wakati ule sikufikiri. Nilikuwa nabeba maneno kama unavyobeba kikombe kilichojaa, macho yako yako kwenye kikombe tu.

Kisha akasema, taratibu, "Lakini ungesema hivyo, leo ningekuwa nakaa hapa nikijiuliza kama ni yeye au ni wewe. Hili la samaki, hakuna mtu mwingine duniani angelisema. Ndiyo maana nimekuita. Lirudie."

"Mwambie samaki wapo. Wa krimu wasikae sana."

Akainamisha kichwa. Nilidhani atalia, hakulia. Aliniuliza namna ya kuwatengeneza. Nikaanza: maji baridi, asubuhi na jioni, unaonja nyuma ya shingo. Nilipofika kwenye kutoa miiba akainua mkono.

"Basi. Inatosha."

Alinirudisha kituoni. Tuliagana kwa kushikana mikono, na hatujazungumza tena.

Mama yangu walimkata kidole, halafu kingine. Kiangazi kile tulihama Buffalo, mume wangu akapata kazi kwenye ghala Louisville na mimi kwenye ghala jingine. Kazi ya wazee sikuirudia. Tuliishi Iroquois, nyumba moja na mama, na ilipofika Desemba nikajikuta kwenye duka la Wabosnia la mtaani kwetu nimesimama mbele ya ndoo ya heringi wa chumvi. Sikuwa nimepanga. Nikanunua.

Watoto walilalamika juu ya harufu, kwa Kiingereza, tangu siku ya kwanza ya kuloweka. Mkesha niliwaandalia pilau na kuku. Samaki niliwaweka mezani kwa ajili yangu, nikashindwa kuwatia mdomoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mguu umeinuliwa kwenye mto. Akataka kujua ni kitu gani.

"Samaki, Mama. Hajapikwa, amelala kwenye siki."

Akachukua kipande kwa vidole, akakitafuna, uso ukakunjamana, akameza. Akaniuliza nilijifunzia wapi. Nilikuwa sijamsimulia. Alikuwa mgonjwa, na tena yeye aliwaacha watu wake wamekufa njiani tulipokuwa tunakimbilia Tanzania, mmoja baada ya mwingine, wakati mimi nikiwa mgongoni. Sikuona sababu ya kumwongezea. Lakini aliuliza, nikamsimulia yote, watoto wakiwa wamehamia kwenye televisheni.

Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Ulimfunga kidevu?" akauliza.

"Nilimfunga. Kwa kilemba changu."

"Na macho?"

"Niliyafumba."

"Ulimwacha peke yake?"

"Nilikuwa chumba cha pili. Kulikuwa na mlango kati yetu."

"Mlango si kitu," akasema mama.

Alinyoosha mkono, akachukua kipande kingine, akakikagua kwa kidole gumba akitafuta mwiba. Hakuupata. Akanirudishia bakuli, nami nikala.